Chapati mbili na mlima wa Kapripoint

Jumamosi iliyopita saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa nimeshakula chapati mbili na chai ya maziwa, nikavaa raba zangu nikapanda Kapripoint hapa Mwanza, ile barabara inayozunguka mlima ziwa likiwa upande mmoja na mawe upande wa pili, na nilifika juu bado nina pumzi ya kumsalimia mlinzi wa geti. Kwa mtu mwingine hiyo sio habari. Kwangu mimi ndo habari kubwa ya mwaka, maana kuna miaka karibu minne chapati mbili asubuhi zingeniliza na siku nzima ingeharibikia hapo.

Nimeshawahi kuandika haya ya ugonjwa wangu wa kula mara tatu nikafuta. Leo siyafuti, kwa sababu ya binti mmoja aliyekuja kupimwa gauni la sendofu wiki iliyopita. Mi ni fundi cherehani, nina kibanda maeneo ya Makoroboi, kazi yangu kutwa nzima ni kuzungusha futikamba kwenye miili ya wanawake wenzangu. Huyu binti nilipofika kiunoni akabana tumbo mpaka mbavu zikatokeza, nikamwambia achia mdogo wangu, hutaweza kucheza kwaito namna hiyo, akasema dada pima hivyo hivyo, mpaka siku ya shughuli nitakuwa nimefika hapo. Nikamuuliza umekula? Akaniambia jana asubuhi. Alisema kwa fahari, na ile fahari naijua, nimeishi nayo. Alivyoondoka nilikaa kwenye kiti cha cherehani kama nusu saa bila kukata hata kitambaa kimoja.

Kabla sijaendelea, kilo sitazitaja humu, si za zamani wala za sasa. Nilipokuwa naumwa nilikuwa nasoma visa vya wenzangu natafuta namba tu, nijue nimemzidi nani na nani kanizidi. Na vitu nilivyokuwa nafanya mwilini mwangu sitavielezea kwa undani kwa sababu hiyo hiyo.

Kwetu ni Magu, na nimekulia kwenye nyumba ambayo mwili ni sifa. Bibi akikusifia anasema umenenepa, mashavu yamejaa, huko mjini unakula vizuri. Ukikonda unaulizwa nini kinakusibu, na enzi zile nakua ukikonda sana watu waliwaza ugonjwa mmoja tu, ule ambao hata jina hawalitaji, wanasema tu "ameunguza". Sasa mtu aliyelelewa hivyo anafikaje kuogopa ugali? Nimejiuliza sana. Sehemu ya jibu ni simu. Wateja walianza kuja na picha kwenye simu, fundi nataka hivi, na kwenye picha kuna mdada kiuno kama chupa, na mi natakiwa nitoe hicho kiuno kwenye kitenge. Ukiangalia viuno vya watu wasiokuwepo miaka miwili mitatu kila siku, ukija kujiangalia kwenye kioo cha kibandani kwako unaona kosa.

Baadae sana nilisoma habari za kisiwani Fiji nikashtuka, ni kama wananiongelea mimi. Kule nako mwili mkubwa ulikuwa heshima, mgeni analishwa ashibe. Televisheni ikafika mkoa mmoja unaitwa Nadroga mwaka 1995, mtafiti wa Marekani anaitwa Anne Becker akawauliza wasichana wa shule, na hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi kuwauliza wasichana wa rika lile lile 1998, sasa ilikuwa ni kama 11 kati ya kila 100. Miaka mitatu tu! Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni magonjwa ya wazungu huwa namsimulia Fiji.

Langu lilianza kwenye harusi ya mdogo wangu, 2019. Picha zilipotoka mgeni mmoja akawa anapekua albamu pale sebuleni, akanigusa kwenye picha akauliza, huyu ndo mama yake bibi harusi? Nilikuwa na miaka 27. Watu walicheka, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hata yeye aliona aibu. Ila usiku ule niliapa.

Nikaanza dayati. Ndimu na maji ya moto, zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa WhatsApp, kushinda bila kula nikisema nimefunga wakati sijafunga kwa ajili ya Mungu wala nini. Wiki za kwanza watu wakasifia. Yaani hizo sifa ndo sumu yenyewe, naomba mnielewe hapa, kila aliyeniambia "umependeza fundi, umepungua" alikuwa ananiongezea siku nyingine ya kukaa na njaa. Alafu usiku ikaanza kunishinda. Nakumbuka mara ya kwanza niliamka saa nane nikala kiporo cha ugali na dagaa zote zilizobaki nimesimama gizani, nikala mkate, nikala sukari, sikusikia utamu wa chochote, na nilipoacha niliogopa sana nikaenda chooni kuvitoa. Asubuhi nikasema leo sili kabisa nifidie. Na usiku ikarudi. Hicho ndo kilikuwa kitanzi changu, mchana njaa, usiku sufuria, alafu choo, alafu aibu, na asubuhi njaa tena.

Kinachouma ni kwamba sikukonda kivile. Watu wanafikiri mwenye ugonjwa huu lazima awe mifupa mitupu, kumbe wengi wetu tuna miili ya kawaida au mikubwa, tunapita barabarani hakuna anayestuka. Mi mwili wangu ulikuwa unapanda na kushuka, nilikuwa naachia mishono ya nguo zangu mwenyewe kisha nairudisha kisha naiachia tena mpaka kitambaa kikaanza kuonyesha matundu ya sindano.

Tunaishi Mabatini na mama, nyumba ya kupanga, choo kipo uani kinatumiwa na familia tatu. Siri kwenye choo cha uani haikai. Mama mwenye nyumba akamvuta mama pembeni akamwambia binti yako anatapika kila siku, una mjukuu njiani. Mama akaja chumbani jioni akakaa kitandani, akaniuliza kwa sauti ya chini, mayu, ni ya nani? Na uso wake ulikuwa na furaha. Alikuwa anajitahidi kuificha ila ilikuwepo, alikuwa amesubiri mjukuu miaka. Na mimi nikanyamaza. Nilimwacha aamini kwa wiki mbili nzima kwa sababu mimba ilikuwa rahisi kuielezea kuliko ukweli. Akanunua mpaka kanga mpya. Ile kanga ipo, hatujawahi kuizungumzia, na kati ya yote niliyofanya hilo ndo bado linanichoma.

Aliyenigundua ni daktari wa meno. Niliwahi hospitali kwa sababu meno ya mbele juu yalikuwa yanapata ganzi nikinywa kitu cha baridi, akaangalia na kale kakioo kao kwa nyuma ya meno, akanyamaza, akavua barakoa akaniambia, dada, meno yako yameliwa na asidi upande wa ndani, huku soda haifiki sana, asidi ya namna hii inatokea tumboni. Unatapika? Hakusema kwa ukali. Akaniuliza tena, unajitapisha? Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akilitamka hilo neno kwa Kiswahili mbele yangu. Nililia pale kwenye kile kiti cha kulala mpaka nesi akaja.

Akaniandikia niende kwa daktari mwingine. Nilipofika mapokezi siku hiyo, mhudumu mmoja aliposoma karatasi alinitazama juu chini akasema kwa sauti ya watu kusikia, hee, huyu nae ana shida ya kula? Nikageuka niondoke, nilifika mpaka getini. Nilirudi kwa sababu mama alikuwa amekaa kwenye benchi na asingenielewa. Nalisema hili kwa sababu najua kuna aliyewahi kufika mpaka getini akaondoka moja kwa moja, na kama ni wewe nakuomba urudi, hata kama ni hospitali nyingine, hata kama ni mwaka mwingine.

Daktari wa ndani alikuwa mtu mzima, mpole, haongei haraka. Akapima damu akanikuta potasiamu, moja ya chumvi za mwilini, iko chini. Akanieleza kwamba ukitapika mara kwa mara chumvi hizo zinapotea mwilini, na moyo unazitumia kupiga kwa mpangilio wake, zikipungua sana moyo unaweza kukosea mapigo na mtu akafa bila hata kuonekana mgonjwa. Nikakumbuka zile siku nilikuwa nasikia moyo unaruka nikiwa kwenye cherehani nikadhani ni stresi. Pia akaniambia ugonjwa una jina, bulimia, na ulipewa jina hilo kitabibu mwaka 1979 na daktari wa London, Gerald Russell. Sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu kiasi kile. Labda kwa sababu nilikuwa najiona mchafu peke yangu Mwanza nzima, kumbe kuna mtu alishakaa akaandika kabla hata sijazaliwa.

Sasa hapa ndo tulipogombana. Mi nilimwambia, dokta nimeelewa, nitaacha kutapika, ila nataka kupungua, nipe dayati nzuri na mazoezi. Presha yangu nayo ilikuwa imeanza kusogea, kwa hiyo nilikuwa na hoja. Akasema hapana. Mazoezi hapana mpaka damu ikae sawa, na kupungua hatuzungumzi kwa sasa, kwanza ule. Nilikasirika. Niliona ni rahisi kwake kusema, hajaitwa mama wa bibi harusi.

Akanisimulia habari ya wanaume 36 wa Marekani, wakati wa vita ya pili ya dunia, waliojitolea kwenye chuo cha Minnesota kwa mtaalamu anaitwa Ancel Keys, wakapunguziwa chakula kwa miezi sita ili ijulikane njaa inamfanyaje mtu na namna ya kuwarudisha watu waliotoka kwenye njaa ya vita. Walikuwa wazima wa akili na mwili, walichaguliwa hivyo. Baada ya muda wakawa hawaongei kitu kingine ila chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, wanaota wanakula, na walipofunguliwa wengine wakala mpaka wakaumwa na bado wakasikia njaa. Daktari akaniambia, wale hawakuwa na tamaa wala ulegevu, ilikuwa ni njaa. Wewe usiku hauibi chakula, mwili wako unadai ulichoukopa mchana.

Nimeyabeba hayo maneno mpaka leo. Nilikuwa najiona sina adabu ya tumbo, miaka yote natafuta namna ya kujibana zaidi mchana, na kumbe kujibana kwa mchana ndo kulikuwa kunaniamsha saa nane za usiku.

Kazi niliyopewa ilikuwa inaonekana ndogo na ni ngumu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nile kila baada ya masaa matatu au manne, nikiwa na njaa au sina, nimekosea usiku au sijakosea. Saa moja chai na kitafunwa. Saa nne kitu kidogo. Saa saba mlo. Saa kumi kitu kidogo. Saa moja na nusu usiku mlo. Na nikikosea usiku, asubuhi saa moja nile kama kawaida, nisifidie. Hiyo ya mwisho ndo iliyonitoa jasho. Kula asubuhi wakati jana yake umekula sufuria nzima unaona kama unajitukana. Kila nilichokula naandika kwenye daftari la oda za wateja, kurasa za nyuma, na pembeni naandika nilikuwa nasikiaje.

Mama ndo alinibeba. Nilimweleza ukweli mwishowe, akanyamaza siku nzima, shangazi akaja akasema tupelekwe kwenye maombi, tukaenda, na naomba mpaka leo, ila mama alirudi nyumbani akafanya la kwake, alianza kula na mimi. Kila saa saba ananipigia kibandani, mayu umekula? Nikisema bado anabaki kwenye simu mpaka nifungue hotipoti. Chakula chenyewe hakikuwa cha kizungu, hakuna oti wala parachichi la kwenye picha. Ni sato wa Mwaloni, ugali wa muhogo, mlenda, maharage, maziwa mgando. Saa kumi natafuna matobolwa na karanga, yale viazi vya kuchemsha na kukaushwa, bibi bado anatutumia kutoka Magu kwenye kiroba. Kuna siku nilikuwa natafuna tobolwa nikagundua kwamba ni tamu. Nimekula vitu usiku miaka mingi bila kusikia ladha, nikawa nimesahau kama chakula kina ladha. Nikamtumia mama meseji, mama matobolwa ya bibi ni matamu. Akanijibu, ulikuwa unayalilia ukiwa mdogo.

Ilichukua miezi mingi. Damu ikakaa sawa, moyo ukaacha kuruka, siku zangu za mwezi zilizokuwa zimepotea zikarudi. Ndo nikaruhusiwa kutembea. Kutembea tu, dakika 20, bila apu ya kuhesabu hatua, na sharti moja, kama sijala siendi. Nilianzia Mabatini kushuka mpaka karibu na ziwa, pale unapoliona jiwe la Bismarck. Mwanzo nilikuwa nazunguka na hesabu kichwani, hizi dakika zimechoma nini. Daktari aliniambia nikianza hizo hesabu nisimame niangalie kitu na nikitaje. Basi nilikuwa nasimama nataja. Mtumbwi. Korongo. Kijana anatengeneza nyavu. Feri ya Kamanga inaondoka.

Nikajiunga na jogingi. Grupu ya kwanza niliipenda sana, wanakimbia wanaimba, asubuhi mji mzima unaamka na nyimbo zao. Ila kiongozi akaanzisha shindano la kupungua, kila Jumapili mnapima, kilo zinapostiwa WhatsApp na majina, aliyepungua sana anapigiwa makofi. Nilivumilia Jumapili mbili. Ya tatu nikajikuta Jumamosi usiku nakataa kula. Nikamwandikia kiongozi faragha nikamweleza, akajibu fundi punguza hisia, hapa tunajenga afya. Nikatoka. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimepata marafiki pale, na bado naamini ni mtu mwema anayefikiri anasaidia, lakini kwenye grupu ya watu 60 sidhani kama nilikuwa peke yangu.

Na nimeanguka pia, nisije nikaonekana nilinyooka tu. Mwaka juzi nilikuwa stendi ya Nyegezi nasubiri mzigo wa vitambaa, mnaijua ile mashine ya kupima inayoongea yenyewe kutwa, karibu upime uzito wako na urefu wako. Hospitali huwa napimwa nimegeuza mgongo, daktari anaandika mi sioni, tulikubaliana hivyo. Siku ile nikasema nipo vizuri, hainitishi tena. Nikalipa, nikapanda, nikapewa kakaratasi. Namba ilikuwa ya kawaida tu, kuna ambaye angefurahi. Mi sikula mpaka kesho yake jioni na usiku wake nikarudi chooni. Wiki tatu nilizama. Kilichonitoa ni daftari, nilipekua nyuma nikaona nimeshawahi kuzama na nikatoka kwa kula chai ya asubuhi, basi nikala chai ya asubuhi, nikiwa natetemeka, mama amekaa mbele yangu anachambua mchele anajifanya haniangalii.

Watu wananiuliza, kwa hiyo umepungua? Nguo zangu zinaniambia vitu mchanganyiko. Kiunoni nimeingiza kidogo, mapajani nimeachia, mabegani nimeachia zaidi maana nanyanyua vidumu vya maji siku hizi na mgongo wa ufundi hauniumi kama zamani. Presha imeshuka, hiyo alinisomea daktari. Je, bado natamani kuwa mwembamba? Kuna siku natamani, sitawadanganya. Siku hizo nakula kwa saa, sisubiri moyo ukubali.

Yule binti wa sendofu nimemshonea. Nilimpima upya alipokuja kuleta bitana, nikamwambia pumua, nikasubiri mpaka akapumua, nikaacha na akiba ya kutosha kwenye mshono wa pembeni ili gauni limfuate yeye. Kisha nikafunga pazia la kibanda nikamsimulia haya, sio yote, la mimba sikumwambia. Alisikiliza ameinamisha kichwa anachezea zipu. Hakusema kama ana shida au hana. Ila nilikuwa na matobolwa kwenye droo, nikamwekea kwenye meza, na wakati naandika risiti nilisikia anatafuna. Atakuja Ijumaa kulijaribu.

Naishia hapa, imefika saa saba na mama anapiga.